Sahihi kwa Nani? Majina ya Nguo katika Kihispania

Nimekutana na zoezi la Kihispania mtandaoni ambamo mwanafunzi huonyeshwa picha ya fulana na kutakiwa kuandika jina lake, na kila jibu lisilokuwa camiseta huwekewa alama nyekundu. Kwa hiyo Mchile anayesema polera, Mwargentina anayesema remera na mamilioni ya watu wa Mexico wanaosema playera, wote wamefeli lugha waliyoinyonya kwa mama zao. Hongera nyingi kwa mtunzi!

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba camiseta inaeleweka karibu kila mahali na kwamba anayeanza hana budi kuanzia mahali fulani. Kinachoniudhi ni kuambiwa "hili ndilo jina sahihi" bila kutajiwa nchi. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na kabatini ndimo zinamopishana zaidi. Chukua hiyo polera: muuzaji wa Santiago, Chile, atakupa fulana nyepesi, lakini ukivuka milima ya Andes ukaingia Argentina, neno lilo hilo litakuletea sweta yenye shingo ndefu ya kukunja. Pulóver, ambayo kwa Mwargentina ni sweta ya kuzuia baridi, huko Havana, Cuba, ni fulana tu, na kwa joto la Havana sioni ingekuwa nini kingine. Hata camiseta yenyewe, Mwargentina ameiachia jezi ya mpira na fulana ya ndani. Ya kutokea ni remera. Jaketi nalo ni cazadora Uhispania, campera Argentina, casaca Peru na chamarra Mexico. Na anayeng'ang'ania chaqueta ya kitabuni akiwa Mexico ajue kwamba mtaani neno hilo lina maana ya faragha ambayo siiandiki hapa, kwa kuwa shangazi zangu nao husoma makala hizi.

Wapo watakaonitajia Real Academia Española, akademia ya lugha ya Kihispania yenye makao Uhispania, kana kwamba ni mahakama ya rufaa. Basi na waifungue kamusi yake: remera, playera na polera zimo, kila moja ikiwa na nchi zake pembeni. Mwaka 2010 umoja wa akademia za lugha hiyo ulitoa hata kamusi nzima ya maneno ya upande wa Amerika. Ugumu wa shingo ni wa watunzi wa masomo, si wa wanakamusi.

Kwa hiyo chagua nchi kwanza, ndipo uchague neno. Anayekwenda Madrid ajifunze camiseta, jersey (sweta) na falda (sketi). Mwenye wateja Lima, Peru, aanze na polo (fulana), chompa (sweta) na casaca. Camisa (shati), pantalón (suruali) na zapato (kiatu) zisimsumbue mtu, kwani hizo zinapita kote. Na muuzaji akitaja jina usilolijua, mwonyeshe nguo kwa kidole, kisha uliandike daftarini pamoja na nchi uliyolisikia.