Sanamu ya Yumedono na jicho la mgeni

Mwaka 1884, katika hekalu la Kibuddha la Hōryū-ji karibu na mji wa Nara nchini Japani, Mmarekani Ernest Fenollosa na Okakura Kakuzō, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, waliwashinikiza watawa wawafungulie jumba la Yumedono. Watawa walihofu. Mle ndani mlikuwa na sanamu ya Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha, isiyopaswa kuonwa, na waliamini ikiguswa ardhi itatetemeka na hekalu litaanguka. Mwishowe wakakubali. Kitambaa kikafunguliwa zongo baada ya zongo, vumbi likitimka, hadi likatokea umbo la mbao lililopakwa dhahabu, la karne ya 7, lenye kimo cha mtu. Baadaye Fenollosa aliandika kuwa linafikia sanaa ya kale ya Wagiriki.

Hapo kwenye Wagiriki ndipo wanapomkamata wakosoaji wa ustashriki, yaani ile desturi ya Magharibi kuisemea Mashariki na kuipima kwa kipimo chake, aliyoichambua Edward Said mwaka 1978. Nakubaliana nao. Kwa watawa, kufichwa kulikuwa sehemu ya utukufu wa sanamu ile. Kuuita ufunguzi huo "ugunduzi" ni kuwafuta waliokuwa wameitunza kwa karne nyingi.

Lakini Japani haikuwa koloni. Fenollosa alikuja mwaka 1878 kama mwalimu wa kuajiriwa, na serikali ya Japani ndiyo iliyokuwa ikimlipa. Baada ya mapinduzi ya 1868 yaliyomrudishia mfalme mamlaka, mahekalu mengi yalivunjwa na hazina zake kuuzwa ovyo. Ukaguzi wa hazina hizo uliofanywa na Fenollosa na Okakura ulisaidia kuleta sheria ya 1897 ya kuhifadhi mahekalu ya kale. Okakura naye hakuwa mbeba mizigo. Aliongoza Shule ya Sanaa ya Tokyo, ambako mwanzoni uchoraji wa Kimagharibi wa rangi za mafuta haukufundishwa kabisa, kisha mwaka 1903 akaandika kwa Kiingereza kwamba Asia ni moja. Alilichukua jicho la mgeni akalifanya silaha yake.

Kinachonisumbua zaidi ni vile vilivyoachwa gizani. Katika hotuba ya 1882 Fenollosa alizibeza bunjinga, picha za wino za wasomi waliofuata mtindo wa Kichina, na heshima yake iliifanya dharau hiyo iwe na uzito miongoni mwa Wajapani wenyewe.

Halafu kuna Korea, iliyotwaliwa na Japani mwaka 1910. Yanagi Muneyoshi, mwanafikra wa sanaa wa Kijapani, aliipenda kwa dhati; alitetea lango la Gwanghwamun huko Seoul lisibomolewe. Hata hivyo, alipotazama vyungu vyeupe vya Korea na mistari yake iliyopinda, aliona huzuni ya taifa zima, akaifanya huzuni hiyo kuwa ndiyo roho ya sanaa yao. Wakorea wengi wamempinga tangu hapo: weupe aliousoma kama msiba, wao wanausoma kama usafi na utulivu. Safari hii aliyekuwa akiwasemea wengine alikuwa Mjapani.