Gari Jipya Lililododa na Mimi Niliyedoda Kituoni

Ujumbe uliingia simuni saa moja kasorobo asubuhi ya leo, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala la kutoka Mbezi, mguu wa pili ukiwa chini ya ndoo ya dagaa ya mama mmoja, na kifungo cha shati langu kikiwa kimeondoka na abiria niliyepishana naye mlangoni. "Mheshimiwa Mteja, lile gari ulilolipenda limeshuka tena milioni 3." Sikuchukizwa na kuitwa mheshimiwa katika hali ile; nilichukizwa na hilo neno "tena". Mafuta yanapanda, mchele unapanda, na mwenye nyumba wangu hajawahi kusikia kwamba kodi nayo ina uwezo wa kushuka. Iweje basi gari jipya kabisa ndilo liwe kitu pekee kinachoteremka katika jiji zima la Dar es Salaam? Lilianza milioni 74, likaja 61, Jumamosi iliyopita nikalikuta 52, na sasa linanifuata ndani ya daladala likiwa 49.

Jumamosi hiyo nilikwenda kulitazama Barabara ya Nyerere, nimevaa suti ya harusi yangu, nikiwa na fundi wangu ambaye nilimlipia nauli na chakula. Mlinzi wa getini akaniuliza kwa adabu nimeegesha wapi gari langu. Nikamjibu kwamba dereva amelipeleka kuoshwa. Fundi akakohoa.

Kijana wa mauzo alitupokea kwa shikamoo ndefu na maji ya chupa, ambayo fundi aliyamaliza kwa mkupuo mmoja na kuuliza kama kuna mengine. Gari lilikuwa limesimama kando ya kioo, jeupe, likinukia ule upya wake, na nakiri kwamba nilipokaa kwenye usukani nilijiona nikiingia kwa wakwe zangu Moshi nimefunga vioo, nikiwasalimia mashemeji kwa kiganja tu. "Kilomita 38, mzee wangu," kijana akasema, kama anayetangaza umri wa bibi harusi.

Fundi hakuzitazama kilomita. Alipiga magoti kwenye tairi, akapangusa vumbi kwa kidole, akasoma tarakimu nne kwa sauti ya karani wa mahakama: "2221." Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, maana yake mpira ule ulitoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2021, na mpira huzeeka hata kama haujakanyaga lami. Kisha akaomba gari liwashwe. Likalia "tik", likanyamaza. Kijana akacheka kicheko cha kikazi, akamwita mwenzake, na ikaletwa pikapu ya ofisi, imebonyea pande zote, ili gari jipya liazimwe umeme na kuamshwa. Pikapu hiyo, naomba ieleweke, ilikuwa Toyota.

Hapo fundi akampigia mfanyabiashara wake wa spea kule mtaa wa Gerezani, akaweka spika ili sote tusikie, na kumuulizia taa ya nyuma ya kushoto ya gari hilo. Kimya kikapita. "Hilo ni gari au jina la dawa?" yule bwana akauliza. Alipotajiwa mara ya pili akasema taa za Toyota IST anazo nyingi mpaka za kukalia, lakini hiyo yetu itabidi iagizwe, ilipiwe yote kwanza, ije kwa meli, na ikija ya kulia tusimlaumu. Kijana wa mauzo akakumbusha kwamba kuna dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000. Nikamuuliza miaka hiyo inaanza kuhesabiwa siku nitakayokabidhiwa ufunguo, au tangu gari lilipoanza kukaa pale kama pazia. Akasema siku ya ufunguo. Nikamwomba aandike hivyo kwenye mkataba. Akaenda kumtafuta meneja, na nadhani bado anamtafuta.

Ndipo nilipoelewa kwamba lile punguzo ni fidia ninayolipwa mapema kwa taabu zitakazonipata baadaye. Nikitaka kuliuza baada ya miaka 3, mnunuzi wangu naye atakuwa na fundi, na fundi wake atampigia bwana yuleyule wa Gerezani. IST iliyotoka kiwandani mwaka 2004 unaiweka sokoni asubuhi, na jioni watu wawili wanagombania kukulipa. Hili la kwangu nitarithisha watoto. Kwa mtu anayenunua gari ili alitumie mpaka life mikononi mwake, akabadilishiwa tairi na betri kabla ya kulipa, na dhamana yake ikaandikwa vizuri, milioni 49 si bei mbaya, na hili nalisema kwa haki. Lakini mimi ni mtu wa kuuza vitu kila ada ya shule inapofika. Benki wanataka niliwekee bima kubwa. Dalali wa mtaani ananishauri ninunue kiwanja. Mke wangu, Mama Neema, aliuliza swali moja tu, kama gari hilo linapita kwenye njia yetu mvua ikinyesha, akarudi kwenye maharage yake.

Na bado nalitaka! Nalitaka kwa sababu nina miaka 47 na leo nimebanwa na ndoo ya dagaa tangu Kimara, na kila mtu aliyekaa amegeukia dirishani ili asinione. Kwa hiyo nimemjibu kijana kwa mkono mmoja kwamba nitakuja iwapo ataniwekea tairi mpya nne, betri mpya, na taa za nyuma mbili za akiba ndani ya buti, ya kulia na ya kushoto. Amejibu haraka, kabla hatujafika Ubungo, kwamba tairi na betri vinazungumzika, na taa wanayo moja stoo.

Ya kulia. Na sasa konda ananidai nauli kwa mara ya pili.