Blu-ray ilistahili kushinda, lakini HD DVD haikustahili kuzikwa na mema yake

Tarehe 19 Februari 2008, rais wa Toshiba, Atsutoshi Nishida, alitangaza kwamba kampuni yake inaachana na HD DVD, diski ya filamu zenye picha kali (HD) iliyokuwa ikishindana na Blu-ray ya Sony na washirika wake. Vita vya diski za HD vilikuwa vimedumu madukani kwa muda usiofika miaka miwili, na tangu siku hiyo watu wameendelea kuvisimulia kwa namna mbili. Wapo wanaosema diski bora ilishinda na dhaifu ikafa. Wapo wanaosema Sony ilijinunulia ushindi kwa pesa na kwa mashine ya michezo. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukificha kingine. Blu-ray ilikuwa diski bora. HD DVD ilikuwa na masharti bora kwa mnunuzi. Kosa lililomnyima mtazamaji vyote viwili kwa pamoja lilifanyika mwaka 2005, kabla mashine ya kwanza ya HD DVD haijafika dukani.

Tuanze na diski zenyewe, maana ubishi mwingi huzuka kwa watu kutojua zilitofautiana wapi. Leza nyekundu ya DVD ina urefu wa wimbi wa nanomita 650. Leza ya buluu-zambarau, iliyowezekana kutokana na kazi ya Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia ya Japani, ina nanomita 405. Wimbi fupi linasoma vishimo vidogo zaidi, kwa hiyo diski ileile ya sentimita 12 inabeba data nyingi zaidi. Blu-ray na HD DVD zote zilitumia leza hiyo. Walichotofautiana ni kina: data ikae umbali gani kutoka kwenye uso wa diski?

Kambi ya Blu-ray, iliyotangazwa Februari 2002 na kampuni tisa zikiwemo Sony, Philips, Pioneer, Samsung na Matsushita yenye chapa ya Panasonic, iliweka data milimita 0.1 tu chini ya uso. Hapo lenzi inaikaribia data na kuukusanya mwanga kwenye nukta ndogo sana, na tabaka moja linabeba gigabaiti 25, mawili 50. Toshiba na NEC walibakisha milimita 0.6, kipimo kilekile cha DVD. Walipata gigabaiti 15 kwa tabaka, 30 kwa matabaka mawili.

Ukitazama tarakimu hizo peke yake utasema Toshiba walikosa maarifa. Sivyo. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, na viwanda vya kuzizalisha vilikuwa vimeshajengwa duniani kote. Kiwanda cha DVD kingeweza kutoa HD DVD baada ya marekebisho madogo. Blu-ray ilidai mitambo mipya, tena data yake ilikuwa karibu mno na uso kiasi kwamba mkwaruzo mdogo ungeweza kuiharibu. Sony ilipotoa kinasa cha kwanza cha Blu-ray nchini Japani mwaka 2003, kwa yen 450,000, diski zake zilikaa ndani ya kasha la plastiki. Kasha hilo liliachwa tu baada ya TDK kutengeneza utando mgumu wa kukinga uso. Mhandisi wa Toshiba ambaye wakati huo angesema kwamba wapinzani wake wanacheza kamari angekuwa na haki ya kusema hivyo.

Na gigabaiti 30 je, zilitosha? Kwa filamu ya saa mbili, zilitosha. Njia mpya za kubana video, VC-1 na H.264, ziliingiza filamu nzima kwenye HD DVD kwa picha safi kabisa. Kinyume chake, Blu-ray za mwanzo zilizotoka Marekani katikati ya 2006 nyingi zilikuwa za tabaka moja na zilibanwa kwa MPEG-2, teknolojia ya zama za DVD, na wahakiki wengi wakaziona hafifu kuliko HD DVD za wakati huohuo. Kwa hiyo anayesema Blu-ray ilishinda kwa sababu ya picha nzuri anasahau mwaka wa kwanza ulivyokuwa. Ubora wa Blu-ray ulikuwa nafasi ya kukua, na nafasi ya kukua mnunuzi haioni siku anapolipa.

Sasa turudi 2005. Miaka kumi kabla yake, vita kama hivi vilikaribia kuzuka. Sony na Philips walikuwa na diski yao, MMCD, na Toshiba na washirika wake walikuwa na yao, SD. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mbele, zilizigomea kambi zote mbili na kudai kiwango kimoja. Mwaka 1995 pande hizo zikakubaliana: muundo wa sahani mbili ukatoka kwa Toshiba, namna ya kusimba data ikatoka kwa Philips, na dunia ikapata DVD. Hakuna aliyepata alichotaka chote, na DVD ikauzwa kwa kasi ya ajabu.

Mwaka 2005 wakubwa wa Sony na Toshiba walikaa tena mezani. Mazungumzo yakakwama palepale, 0.1 au 0.6. Kwenye karatasi ulikuwa mjadala wa milimita, lakini nyuma yake palikuwa na hataza na mrabaha. Toshiba ilikuwa inavuna fedha nyingi kutokana na hataza za DVD, na kiwango kilichoendeleza muundo wa DVD kingeendeleza mavuno hayo. Sony, ambayo mfumo wake wa mikanda ya video, Betamax, ulishindwa na VHS ya JVC na ambayo mwaka 1995 ililazimika kurudi nyuma, haikuwa tayari kukubali muundo wa Toshiba kwa mara ya pili. Nawaelewa wote wawili. Nisichoweza kukikubali ni kukosekana kwa mwamuzi. Safari hii kampuni za kompyuta zilikuwa zimeshajigawa: Dell, HP na Apple upande wa Blu-ray, na kufikia Septemba 2005 Microsoft na Intel upande wa HD DVD. Waliosuluhisha mara ya kwanza sasa walikuwa wamevaa jezi za timu. Hapo ndipo mtazamaji alipopoteza, na hakuwa na kiti wala sauti katika chumba hicho.

Madukani Marekani, Toshiba ilitangulia Aprili 2006 kwa mashine ya dola 499. Samsung ikafuata Juni na mashine ya Blu-ray ya dola 999. Kila mashine ya HD DVD ilitakiwa kuwa na tundu la kuunganisha intaneti na uwezo wa kuonyesha picha ndogo ndani ya picha kubwa. Kiwango chake kilikuwa kimekamilika tangu siku ya kwanza. Blu-ray ilitoka ikiwa bado inajengwa: aliyenunua mashine ya kwanza aligundua baadaye kwamba vionjo vya ziada vya diski mpya havifunguki kwake. Studio za HD DVD zilitoa pia diski zenye sura mbili, upande mmoja HD DVD na wa pili DVD ya kawaida, ili mtu ambaye hajanunua mashine mpya aanze kujiwekea maktaba. Juu ya yote, HD DVD haikuwa na kanda, yaani maeneo ya dunia ambayo diski hufungiwa ili isichezwe kwenye mashine za eneo jingine. Blu-ray iliigawa dunia katika kanda A, B na C. Kwetu Afrika Mashariki hili halikuwa jambo la mbali: Marekani na Kanada ziko kanda A, Afrika imewekwa kanda B pamoja na Ulaya. Ndugu aliyeko Toronto akimnunulia mwenzake wa Mombasa diski iliyofungwa kwa kanda A, itagoma kwenye mashine iliyonunuliwa huku, ingawa imelipiwa kihalali. Siku zote nimeona ukuta huu kama dhuluma kwa mnunuzi mwaminifu, na katika hilo Toshiba walikuwa upande wa haki.

Kwa nini basi kambi yenye masharti mazuri hivyo ilishindwa? Jibu la kawaida ni PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006 ikiwa na kisomaji cha Blu-ray ndani. Wachambuzi wa iSuppli, kampuni ya utafiti wa soko, waliifungua na kukadiria kuwa ile ya dola 599 inaigharimu Sony takriban dola 840. Sony ilikuwa inakula hasara kwa kila mashine ili kuingiza Blu-ray sebuleni kwa mlango wa michezo. Microsoft kwa upande wake iliuza kisomaji cha HD DVD cha Xbox 360 kama kifaa cha pembeni kwa dola 199, na watu hununua vifaa vya pembeni kwa kusitasita. Watetezi wa HD DVD walijibu kwamba mchezaji wa PS3 hanunui filamu, na ni kweli kwamba wenye mashine za HD DVD walinunua diski nyingi zaidi kwa kila mashine. Lakini PS3 zilikuwa nyingi mno. Kufikia 2007, Marekani diski za Blu-ray ziliuzwa takriban mbili kwa kila moja ya HD DVD.

Hata hivyo, nadhani kidonda kikubwa zaidi cha HD DVD kilitokana na kile kilichoifanya ipendwe: bei. Toshiba nayo iliuza chini ya gharama. Novemba 2007, Walmart iliuza mashine ya HD DVD kwa dola 98.87, wakati mashine za Blu-ray bado zilikuwa za dola mia kadhaa. Mnunuzi alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Ila kampuni nyingine ikitazama bei hiyo ingejiunga kwa faida gani? Mtengenezaji asingeweza kushindana na Toshiba inayotoa ruzuku kutoka mfukoni mwake. Kambi ya Blu-ray ilikuwa na Sony, Panasonic, Samsung, Pioneer na wengine wakitangaza kwa pamoja, na rafu za maduka zikajaa majina tofauti. HD DVD ilibaki kuwa Toshiba na wachache nyuma yake. Kiwango kinachotegemea mfuko wa kampuni moja huonekana dhaifu kwa kila anayefikiria kukiunga mkono, hata kama mashine zake ni nzuri.

Studio za filamu ziliona hivyo. Disney, Fox na Sony zilikuwa Blu-ray, Universal ilikuwa HD DVD peke yake. Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation, zilizoweza kuuza zote mbili, zilihamia HD DVD pekee, na magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba zilipata motisha ya takriban dola milioni 150. Kwa hiyo wanaosema Sony pekee ilitumia pesa wanapaswa kuwa waadilifu na kuisema na hii. Iliyoamua ni Warner. Yenyewe ilikuwa ikiuza pande zote, na mwanzoni mwa 2007 ilitangaza hata diski moja yenye Blu-ray upande huu na HD DVD upande ule, ambayo haikufika sokoni. Tarehe 4 Januari 2008, ikiwa studio yenye sehemu kubwa kuliko zote ya soko la DVD Marekani, ikatangaza Blu-ray pekee. Kambi ya HD DVD ikafuta mkutano wake na wanahabari uliokuwa ufanyike siku chache baadaye kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas. Februari Netflix, Best Buy na Walmart zikafuata, na Toshiba ikafunga.

Hoja ya kutetea uamuzi wa Warner ni nzito na siidharau. Mauzo ya DVD yalikuwa yamefika kileleni, watu waliogopa kununua mashine itakayokuwa kopo kesho, na kila mwezi wa vita ulizidisha woga huo. Kumaliza haraka kulikuwa bora kuliko kusubiri. Lakini soko halikupewa nafasi ya kusema neno la mwisho, na aliyenunua mashine Krismasi ya 2007 aliachwa nayo mkononi kabla Februari haijaisha.

Wengine watasema yote haya hayana uzito kwa kuwa intaneti ingeziua diski hata bila vita. Netflix ilianza kutiririsha filamu Januari 2007, katikati ya ugomvi huu. Nakubali kwamba diski isingeizuia. Huku kwetu wengi waliruka Blu-ray kabisa, kutoka VCD na DVD hadi filamu za kwenye flashi na simu. Ila Blu-ray inaruhusiwa kutuma video kwa kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, na filamu za HD za mtandaoni hubanwa hadi sehemu ndogo sana ya kiwango hicho. Tena diski uliyoinunua haiondolewi kwako mkataba wa kampuni na studio unapoisha. Miaka miwili ambayo watu walikaa pembeni wakisubiri mshindi ndiyo miaka ambayo tabia ya kumiliki filamu ya HD ingepaswa kuota mizizi.

Mwaka 2016 ilikuja Blu-ray ya Ultra HD, kwa ajili ya picha za 4K. Diski zake hufika gigabaiti 100 kwa matabaka matatu, nafasi iliyowezekana kwa sababu data ilibaki kwenye ile milimita 0.1 waliyoing'ang'ania Sony na wenzake. Na haina kanda. Diski ya 4K iliyonunuliwa Toronto inachezwa Mombasa, jambo ambalo HD DVD ilikuwa inalitoa kwa kila mnunuzi mwezi Aprili 2006.