Bluey Truscott alikuwa mchezaji kwanza

Kila mwaka mchezaji bora wa Melbourne, mojawapo ya klabu kongwe za kandanda ya Kiaustralia, hupewa tuzo yenye jina la Keith Truscott, mtu aliyeichezea klabu hiyo mechi 50 tu. Wengi wanaomsimulia huupita uwanja mbio mbio ili wafike kwenye ndege alizorusha katika Vita vya Pili vya Dunia, kana kwamba mpira ulikuwa maandalizi ya vita. Masimulizi ya namna hiyo, naona, yanamdhulumu.

Alizaliwa mwaka 1916 Prahran, mtaa wa jiji la Melbourne, akiwa na nywele nyekundu, na kwa kuwa Waaustralia kwa utani wao humwita mtu wa nywele hizo "Bluey", yaani wa bluu, jina likamganda. Alianza kuichezea Melbourne mwaka 1937 na akawamo kikosini ilipotwaa ubingwa wa 1939. Ilipofika fainali ya Septemba 1940 dhidi ya Richmond, alikwisha kujiunga na jeshi la anga, ikabidi apewe ruhusa ya kwenda kucheza. Melbourne ilishinda kwa pointi 107 kwa 68. Kikosini alikuwamo pia Ron Barassi, ambaye aliuawa Tobruk, Libya, kabla mwaka haujatimia.

Katika mchezo huo wa mpira wenye umbo la yai, anayeudaka hewani baada ya kupigwa na mchezaji mwingine hupata nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa, hivyo kukadiria kimo kwa jicho ni sehemu kubwa ya ufundi wa mchezaji. Ajabu ni kwamba Truscott alipokuwa akijifunza urubani, kasoro yake ilikuwa hiyo hiyo: wakati wa kutua aliinua pua ya ndege ingali futi zipatazo 20 juu ya ardhi, akidhani amefika chini, na nusura aondolewe kwenye mafunzo.

Hata hivyo alifuzu, na mwaka 1941 akawa miongoni mwa marubani mahiri wa ndege za kivita za Spitfire wa Kikosi cha 452 kilichokuwa Uingereza, akatunukiwa DFC, nishani ya ushujaa wa marubani, mara mbili. Aliporudi nyumbani mwaka 1942 aliichezea Melbourne mechi moja tu, kisha akaenda Milne Bay, New Guinea, ambako alishika uongozi wa Kikosi cha 76 baada ya kamanda wake, Peter Turnbull, kuuawa.

Wasimulizi wake hupenda kukomea hapo, kwa sababu mwisho wenyewe hauna tarumbeta. Tarehe 28 Machi 1943, katika Ghuba ya Exmouth, Australia Magharibi, alikuwa akifanya zoezi la kuishambulia ndege ya upande wake mwenyewe, Catalina, iliyokuwa ikiruka chini sana juu ya bahari iliyotulia kama maji mtungini. Juu ya maji ya namna hiyo jicho halina pa kushika. Ndege yake aina ya Kittyhawk ikapiga maji, naye akafa akiwa na miaka 26, bila adui yeyote karibu.

Sioni aibu yoyote katika kifo hicho, wala sababu ya kukipamba. Laiti ningepewa usiku mmoja wa kukabidhi tuzo ile, nisingeanza na idadi ya ndege alizotungua. Ningemsomea mshindi matokeo ya ile Jumamosi ya Septemba: Melbourne 107, Richmond 68.