Taarifa za dawa zikifika leo, nani ana ruhusa ya kuhamisha makasha?

Kila mradi wa kidijitali ukishuka Kanda ya Ziwa, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni dashibodi: ramani yenye vituo vya kijani, njano na nyekundu, na ahadi kwamba wilaya itaiona akiba ya kila zahanati papo hapo. Dashibodi zenyewe hazina ubaya. Ila zahanati ya kisiwa cha Irugwa au Ukara ikituma taarifa Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, kwa sekunde moja, kisha dawa ikasubiri saini wiki mbili, mgonjwa hajafaidika na hiyo sekunde.

Nchi hii ilishapata somo hili kwa simu za kitochi. Kati ya 2009 na 2010, vituo vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini vilikuwa vikijibu SMS mara moja kwa wiki kueleza akiba iliyobaki ya dawa za malaria, yaani dawa mseto na kwinini ya sindano. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Mara moja kwa wiki tu! Kilichofanya kazi ni kwamba wilaya ilipopata namba, ilihamisha dawa.

Kwa hiyo tusidai taarifa za papo hapo kwa kila kitu. Jokofu la chanjo, ndiyo. Hapo kengele inatakiwa kulia joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60, kwa sababu chanjo ya penta (ile ya watoto ya magonjwa matano) ikishaganda hairudi kuwa chanjo. Vidonge vinaweza kusubiri hesabu ya Ijumaa, mradi iwe hesabu ya kweli: mtu anafungua kasha, anahesabu, analinganisha na leja. Chagueni bidhaa 10 hadi 15 zisizokubali kukosekana, kama dawa mseto, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), oksitosini ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, ORS na zinki, amoksilini ya watoto na magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba. Zilizobaki ziende na ripoti ya kawaida.

Namba zenyewe huharibika mapema sana, kabla hata intaneti haijaguswa. Chukua dawa mseto ya mtu mzima: dozi moja ni vidonge 24, kasha moja lina dozi 30. Makasha matatu ni dozi 90, au vidonge 2,160. Mhudumu akiandika 3 mahali mfumo unapotaka dozi, wilaya inaona dharura isiyokuwepo. Akiandika 2,160 hapo hapo, zahanati inaonekana ina akiba ya miaka na hakuna atakayeikumbuka. Dawa ya kosa hili ni rahisi: andika kipimo kwa kalamu nene kwenye kadi ya stoo, na mfumo ukatae namba inayopita mara tano ya kawaida mpaka mtu aithibitishe.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linafanana na hesabu sahihi. Zahanati imetoa dozi 120 kwa siku 60. Wastani, dozi 60 kwa mwezi, ndivyo wengi wanavyoagiza. Lakini kama rafu ilikuwa tupu siku 20, zile 120 zilitoka ndani ya siku 40. Gawa 120 kwa 40, zidisha kwa 30: mahitaji ni dozi 90 kwa mwezi. Anayeagiza kwa wastani wa 60 anaagiza upungufu uleule kwa mzunguko ujao, na mfumo unampongeza kwa kuripoti kwa wakati. Bila safu ya siku za kukosa dawa, hata taarifa ya kila saa inapotosha.

Visiwani kuna jambo jingine ambalo wastani wa miezi iliyopita hauwezi kuliona. Kambi za wavuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi na mahali samaki walipo. Kambi ikihamia upande wa pili wa kisiwa, wagonjwa wamehama nayo. Hapa ndipo hesabu ya wiki inapojilipia.

Sasa ruhusa. Napendekeza kanuni iandikwe na kusainiwa mara moja kwa mwaka: kituo kikibaki na akiba chini ya mwezi mmoja, na jirani ana zaidi ya miezi minne, mfamasia wa wilaya anahamisha bila kikao, na dawa inayokaribia kuisha muda inatoka kwanza. Hati ya kutolea dawa isainiwe na pande zote mbili, na leja zote mbili zirekebishwe siku hiyohiyo, la sivyo kasha moja litaonekana liko vituo viwili.

Vyombo vya usafiri havikosekani. Mwaka 2018 hata ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kati ya Mwanza na Ukerewe, kilomita 60 kwa takriban dakika 40. Lakini makasha mengi yatapanda boti, na boti ina nauli. Nauli hiyo iwe na mstari wake kwenye mpango wa afya wa halmashauri, ukitenganishwa na posho za usimamizi, na isimtokee mfukoni mganga wa zahanati.