Miche mia tatu, fulana mpya, kisha kimya

Tunaijua ile siku. Basi la shule, bango la mfadhili, hotuba mbili, watoto wenye fulana mpya, kila mmoja na mche wa mkoko mkononi. Picha, soda, watu wanatawanyika. Bamvua, yaani maji makuu, mbili tatu zikishapita, vijiti vimelala. Ubia wa namna hii kati ya mfadhili na shule hauisaidii bahari, na mtoto aliyechukuliwa kuwa kibarua wa bure hakupata kitu.

Kosa kubwa ni mahali. Wageni hupenda upwa ulio wazi kwa sababu gari linafika na picha inatoka vizuri. Lakini miti ya mikoko ina aina nyingi, na anayestahimili mawimbi ya mbele ni aina iitwayo mlilana. Mkoko wenyewe, huu wanaopewa watoto, hukaa nyuma yake, kwenye tope laini. Aina nyingine, mkandaa, iko juu zaidi, maji yanapofika kwa nadra. Ukichomeka mkoko mbele, mchanga unaufukia, au magamba kama yale yanayoganda chini ya mashua yanaujaa hadi unalemewa. Uwanja mtupu una sababu ya kuwa mtupu. Tafuta penye visiki: hapo mikoko iliwahi kuishi.

Mbegu nayo ina macho yake. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina shingo ya manjano juu, karibu na kifuniko, na ukiigusa tu inaachia mti. Ukilazimika kuivuta, ni changa. Yenye tundu la mdudu tupa. Weka kivulini, ifunike gunia bichi, panda ndani ya siku chache. Ncha iliyochongoka ndiyo iendayo chini, theluthi ya urefu wake ndani ya tope, na kifuniko cha juu usikibandue, kitadondoka chenyewe. Watoto wengi huchomeka juujuu, maana hakuna aliyewaonyesha, na maji ya kwanza kujaa yanaondoka nazo. Sandali hunaswa na tope na chaza wa kwenye mizizi hukata nyayo, kwa hiyo raba zilizofungwa kamba, na kila mtu awe juu kabla maji hayajaanza kujaa.

Sasa hesabu. Kwa nafasi ya mita moja, hekta moja inataka miche 10,000. Miche 300 ya siku ya sherehe haijazi hata uwanja wa mpira wa kikapu. Fedha ya mabango ingemlipa mlinzi wa kuzuia mbuzi na mapanga, na ingenunua miche ya kujazia palipokufa.

Mfano wa ubia uliokaa sawa upo Gazi, Kwale, pwani ya Kenya. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, ulianzishwa mwaka 2013 kuuza hewa ya kaboni, yaani mnunuzi hulipia hewa chafu ambayo miti inainyonya, kutoka hekta 117 za mikoko, kwa kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Wanasayansi wanapima, shirika la nje linatafuta wanunuzi, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaamua matumizi. Ndipo yakaja maji ya bomba na vitabu vya shule. Pia wakapanda mivinje, na hilo wengi hulisahau: mtu anayehitaji boriti za nyumba hatakoma kukata mkoko kwa kuhutubiwa, mpe mti mwingine. Soko la kaboni lina misukosuko yake, bei hupanda na kushuka, na mimi nisingeegemeza karo ya mtoto yeyote juu ya mnunuzi mmoja. Lakini uamuzi ukiwa wa kijiji, mtoto ananufaika bila kubebeshwa bango.

Kwa hiyo mfadhili akija, mwulizeni mambo mawili kabla ya kukubali tarehe: nani analipwa kulinda kwa miaka mitatu, na ni kiasi gani, kwa shilingi, kinachoingia shuleni na kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Akijibu kwa maneno ya jumla, mshukuruni, aende.

Na watoto wana kazi nzuri kuliko kubeba miche. Pigeni kamba eneo la mita 10 kwa 10: kwa nafasi ya mita moja mna miche 100. Wanafunzi wa madarasa ya juu wahesabu iliyo hai kila baada ya miezi mitatu, maji yakiwa yamekupwa. Wakikuta 62, ni asilimia 62, haihitaji kikokotoo. Waiandike ubaoni, mfadhili aje aisome.