Feni ya umeme si dawa ya gari linalochemsha

Ukimiliki gari la zamani la porini, siku moja utaambiwa ung'oe feni iliyokuja na injini ufunge ya umeme. Mimi niliambiwa, nikafunga, nikatembea nayo mwaka mmoja na nusu. Kisha nikaing'oa.

Gari langu ni la miaka ya 1980, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo. Kwenye lami halikuwa na tatizo, mshale wa joto ulikaa katikati siku nzima. Tatizo lilianza kwenye mchanga na milima ya mawe, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo mshale ulianza kupanda polepole, nami nikawa naendesha jicho moja kwenye njia na jingine kwenye geji.

Hoja ya feni ya umeme inashawishi, na sehemu yake ni kweli. Feni inayoendeshwa na injini hufuata kasi ya injini, kwa hiyo ukitambaa, nayo inazunguka kivivu wakati ule ule unapohitaji upepo zaidi. Ya umeme haijali, ikiwashwa inazunguka kwa nguvu zake zote. Tena ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo wa mbele unatosha na feni haihitajiki kabisa, ilhali ile ya mkanda inaendelea kula nguvu ya injini. Nani angekataa?

Nilifunga feni mbili pamoja, zikila ampia kama 25 zote zikiwaka. Ili zienee, nilitoa kava la feni, ile plastiki kubwa inayozunguka mapanga na kuziba nafasi hadi kwenye rejeta. Niliona ni takataka ya kiwandani. Kosa hilo bado linanikera kuliko mengine yote.

Mteremko wa kwanza, safi. Tambarare, safi. Mlima wa kwanza wa maana, dakika arobaini za gia nzito, mshale ukapita pale ulipokuwa unaishia zamani. Nikasimama, nikafungua boneti, feni zote mbili zinavuma kama nyuki waliochokozwa, na mpira wa juu wa rejeta haushikiki kwa moto.

Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nimetibu homa kwa kubadilisha kipimajoto. Rejeta ilipofika kwa fundi, aliyeyusha risasi akainua tanki la juu. Akachukua waya mwembamba akaanza kuuchomeka kwenye mirija, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mingine ulizama wote. Kwenye mingi uligota baada ya inchi mbili, na ukitoka una unga mweupe kwenye ncha. Maji ya bomba ya miaka na miaka, bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayochanganywa na maji, yalikuwa yamejenga ukuta wa chokaa ndani. Nje nako, katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba kati ya mirija, kulikuwa na mbegu za nyasi na udongo uliokauka, sehemu ambayo mpira wa maji ukipigwa kutoka mbele unaishia kuusukuma ndani zaidi. Husafishwa kutoka nyuma, upande wa injini.

Feni ya aina gani ingepitisha joto kwenye mirija iliyoziba?

La pili nililigundua kwenye ile feni ya zamani, ambayo nashukuru sikuitupa. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni na springi ndogo ya bati la metali mbili usoni. Upepo unaotoka kwenye rejeta ukiwa wa moto, springi hujikunja, inafungua njia ya mafuta, na klachi inashika. Ukiwa wa baridi, inaachia. Kipimo chake hakihitaji mashine: injini ikiwa ya moto na imezimwa kabisa, zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo na kusimama, nzima. Yangu ilizunguka kama pia. Mafuta yalishavuja zamani, ukingo mzima umejaa vumbi lililoshikamana na grisi, na mimi nilipita hapo mara mia nisione.

Basi ugonjwa wote ulikuwa huo: rejeta iliyoziba na klachi iliyokufa. Nikaupa feni ya umeme, na nikaondoa kava, yaani nikaongeza ugonjwa wa tatu. Bila kava upepo hauna sababu ya kupita katikati ya mapezi. Unaingia kwa pembeni, palipo rahisi, na feni inabaki kuzungusha hewa ile ile ya moto. Feni mbili za duara nyuma ya rejeta ya mraba zinavuta kwenye miduara miwili tu, pembe zote zinalala.

Na umeme nao. Ampia 25 kwa oltaneta ya kisasa, ile inayozalisha umeme wa gari, si kitu. Kwa oltaneta ndogo ya gari la zamani, injini ikiwa inazunguka polepole, ni sehemu kubwa ya kinachozalishwa, na bado kuna taa. Volti zikishuka, feni nayo inapungua kasi, ukiwa kule kule mlimani ulikoifungia. Wenye Land Rover za zamani zaidi wana mtego wao: kabla ya 1967 nyingi zilitoka na chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, na badala ya oltaneta zina dainamo. Ukiunga waya mweusi wa feni kwenye bodi kwa mazoea, inazunguka kinyume, inasukuma hewa mbele kupambana na upepo wa safari.

Mabadiliko ninayoyatetea mimi hayana sauti wala hayapigiwi picha. La kwanza ni chupa ya kupokea maji. Magari mengi ya zamani yakipata joto humwaga maji ya ziada chini kwa kimpira, na yakipoa huvuta hewa. Ukiweka chupa, maji yanatoka na kurudi. Ila kifuniko cha rejeta lazima kibadilishwe nacho: kinatakiwa kiwe na gasketi mbili na kivali kidogo cha kuruhusu maji yarudi. Watu hufunga chupa nzuri na kuacha kifuniko cha zamani, kisha wanashangaa chupa inajaa na rejeta inapungua.

Lakini usinunue kifuniko chenye shinikizo kubwa kuliko lililokusudiwa. Ni kweli kwamba shinikizo la bar moja hupeleka kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu digrii 120. Ni kweli pia kwamba hiyo bar moja inasukuma mipira ya miaka arobaini na viungo vya risasi vilivyotengenezwa kwa nusu yake.

Kuhusu kutoa themostati, ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ili eti gari lipoe, jamani, tuache. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka humo humo na moto wake. Unatafuta baridi, unapata joto.

Sisemi feni ya umeme haina kazi. Anayevuka mito mara kwa mara ana sababu, kwa sababu feni ya mkanda ikizama kwenye maji hupinda mapanga mbele na kula rejeta, au humwagia maji mfumo wa kuwasha wa injini ya petroli. Zamani watu walifungua mkanda kabla ya kuingia mtoni. Swichi ni rahisi zaidi. Basi afunge, ila kwenye rejeta nzima, na kava lake, na rilei, ile swichi ya kubeba umeme mwingi, na fyuzi, na oltaneta inayoweza kuibeba.

Langu sasa lina rejeta iliyopigwa mirija mipya, klachi mpya, na kava nililolitafuta miezi mitatu kwenye magari yaliyokufa. Mlima ule ule, mshale haupiti katikati. Na sababu moja ya kutouamini sana mshale: maji yakiisha, sensa inabaki hewani na geji inaweza kushuka kabisa kana kwamba mambo ni shwari, huku silinda hedi inapinda. Tundu la swichi ya feni za umeme lilibaki kwenye dashibodi. Nimeweka humo taa nyekundu ya kiwango cha maji.